Ng'ombe wa Kuazima

Kila asubuhi Edina Makene alikuwa na kazi tatu: kuwasha moto, kukamua ng'ombe, na kumwamsha mdogo wake Manase. Hiyo ya tatu ndiyo iliyomtoa jasho kuliko zote. Alipomaliza kukamua alichuja maziwa na kuyatia kwenye madumu, kisha mama yake, Christina, akayafunga kwenye baiskeli na kuyapeleka kuuza sokoni Ndalambo.

Ilikuwa Desemba, mwaka 2013, na mvua ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza. Baba alikuwa bado Ivuna na kundi kubwa la ng'ombe, akitafuta malisho. Nyumbani waliachiwa ng'ombe wanne wa maziwa. Familia ya Makene ilihamia bonde la Momba kutoka Usukumani kabla Edina hajazaliwa, lakini walikuwepo watu kijijini ambao bado waliwaita wageni, hasa walipotaka kuwanyamazisha.

Edina alikuwa amemaliza darasa la saba, na jina lake lilikuwa limetoka miongoni mwa waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Nyumba nzima ilishangilia siku hiyo, hata Manase aliamka mwenyewe. Mama hakuwa na wasiwasi wa ada, sare wala godoro. Kwa miaka mitatu alikuwa akiweka fedha za maziwa katika Tuinuane, SACCOS ya kijiji, yaani chama ambacho wanachama huweka akiba zao na kukopeshana. Fedha za kutosha zilikuwa huko.

Tatizo lilikuwa kuzitoa. Alipokwenda mara ya kwanza aliambiwa mweka hazina amesafiri. Mara ya pili aliambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu akaambiwa avumilie kidogo, benki ya Tunduma iko mbioni kukikopesha chama. Mama alipigwa danadana mpaka viatu vikaanza kulalamika.

Jioni moja pikipiki nyekundu iliingia uani. Alikuwa Bwana Watson, mwenyekiti wa Tuinuane, mtu mwenye tabasamu pana na maneno laini kuliko siagi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mwenyekiti," mama alijibu, akamletea kigoda.

"Shikamoo," Edina alisema.

"Marahaba, msomi wetu." Bwana Watson alikaa, akashusha sauti. "Mama Edina, keshokutwa anakuja afisa ushirika kutoka wilayani Chitete. Anakuja kupima chama chetu kinaendaje. Tukifaulu, benki inatupa mkopo mkubwa. Tukishindwa, ndiyo basi tena."

"Sasa mimi nasaidiaje?"

"Niazime ng'ombe wako wanne. Siku moja tu! Tutamwonyesha jinsi mikopo yetu ilivyowainua watu. Binti atawapeleka kwanza kwa mzee Gwamaka. Afisa akishawaona, atawapitisha njia ya kijitoni mpaka kwa Bibi Roda. Sisi tutazunguka na barabara."

Edina aliacha kuosha dumu. "Lakini hawa ng'ombe hawakununuliwa kwa mkopo."

"Mtoto, naongea na mama yako," Bwana Watson alisema huku bado akitabasamu. Kisha akamgeukia mama. "Ukinisaidia, akiba yako itakuwa ya kwanza kulipwa. Ukikataa, mimi sina la kuahidi. Shule zinafunguliwa Januari, sivyo?"

Mama aliinamisha kichwa. "Sawa," akasema.

Pikipiki ilipoondoka, Edina alishindwa kujizuia. "Mayu," alimwita mama kwa Kisukuma, "kwa nini umekubali? Huo si uongo?"

"Ni uongo," mama alisema kwa uchovu. "Nimekubali kwa ajili yako. Unataka shule, hutaki?"

Edina aliitaka shule kuliko kitu chochote duniani. Ndiyo maana jibu lile lilimuuma sana. Kama ungekuwa ulafi wa mama angeweza kukasirika na kununa, lakini ungemnunia vipi mtu anayeona aibu kwa sababu yako?

Siku ya ukaguzi ilipofika, alikata fimbo na kuwaswaga ng'ombe mpaka kwa mzee Gwamaka, mjumbe wa bodi ya chama. Afisa alikuwa mwanamke mfupi aliyevaa mabuti ya mpira, jina lake Bi. Tumpale. Aliwasalimia wote, pamoja na Edina, kisha akawazunguka ng'ombe polepole.

"Hawa wote ni matunda ya mkopo," mzee Gwamaka alijigamba. "Nilikuwa sina hata kuku!"

Bwana Watson alimkonyeza Edina, na Edina akawatoa ng'ombe kupitia nyuma ya nyumba, wakashuka kijitoni. Barabara ilikuwa tope tupu, kwa hiyo alifika kwa Bibi Roda mapema kabla ya wageni.

Alimkuta Bibi Roda ameketi kizingitini, anafuta machozi kwa pindo la khanga.

"Shikamoo, Bibi. Una nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeambiwa nimshukuru mgeni kwa mkopo wa ng'ombe. Mimi sijakopeshwa hata senti tano! Niliomba mkopo nipate bati za kuezekea, wakasema fedha hakuna. Tena nikisema ukweli, wanasema akiba yangu itapotea."

Damu ilimchemka Edina. Kumbe walikuwa wengi walioshikwa pabaya kama mama yake! Kila mmoja amefungwa mdomo kwa fedha yake mwenyewe. Aliwatazama ng'ombe wake wakila majani ya uani kwa watu, wasijue wanatumika kudanganyia. Angeweza kuwaacha pale akaondoka zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki amesimama.

Pikipiki ziliwasili zikitupa tope. Bwana Watson alishuka wa kwanza, mikono ameitanua.

"Na hapa, Bi. Afisa, yupo mjane wetu. Tazama mwenyewe! Chama kimemnyanyua kutoka mavumbini."

Bi. Tumpale alimtazama ng'ombe mmoja kwa makini. "Huyu mwenye pembe iliyovunjika kama nimeshamwona leo."

"Aa! Ng'ombe wa huku wanafanana," Bwana Watson alicheka.

"Hawafanani," Edina alisema. "Ni yuleyule."

Kicheko kilikatika. Bwana Watson alimkata jicho kali. "Nyamaza! Msimsikilize, huyu ni mtoto wa wageni tu, ameajiriwa na Bibi kuchunga."

"Sijaajiriwa na mtu. Hawa ni ng'ombe wetu, na umewaazima kwa mama yangu. Kwa mzee Gwamaka walikuwa haohao." Sauti ya Edina ilitetemeka, lakini hakuishusha. "Kama ni wa Bibi Roda, basi awaite, tuone kama watamfuata."

Bibi Roda alitazama chini, akatikisa kichwa.

Edina akaenda mpaka upande wa pili wa uwanja, akapiga mluzi anaoupiga kila jioni kuwarudisha zizini. Ng'ombe wote wanne waliinua vichwa na kumjia mbio, wakampita Bwana Watson kwa kumsukuma, na yule wa pembe iliyovunjika akamkanyaga kiatu.

"Umeiua shule yako kwa mdomo wako!" Bwana Watson alifoka, akiruka kwa mguu mmoja.

"Mdomo wangu haujachukua fedha ya mtu," Edina alijibu. "Fedha za mama zimekwenda wapi?"

Alijua huenda ameiaga shule. Aliogopa, lakini hakujuta.

"Hata mimi ningependa kujua," Bi. Tumpale alisema kwa utulivu. "Mwenyekiti, twende ofisini. Na wewe binti, kamwite mama yako."

Habari ilikimbia kuliko pikipiki. Walipofika ofisini, wanachama walikuwa wamekwishajaa mlangoni na madirishani. Mama alikuja akihema, maziwa bado yamemrukia kwenye khanga.

"Mimi sikuja kuhesabu ng'ombe," Bi. Tumpale aliwaambia. "Wala sipimi chama kwa rangi ya jengo au kwa wingi wa wanachama. Nauliza mambo matatu. Waliokopa wanarejesha kwa wakati? Mikopo inamfikia kila anayestahili, au inazunguka kwa viongozi? Na la tatu, mwanachama akihitaji akiba yake, anaipata?" Akageuka. "Mama, una akiba hapa?"

"Ninayo."

"Unaihitaji?"

Mama alimtazama Bwana Watson, akamtazama Edina. Safari hii hakuinamisha kichwa. "Naihitaji leo. Nimeiomba mara tatu."

Mweka hazina alifungua sanduku la chuma mbele ya wote. Fedha zilizokuwemo zisingenunua hata godoro. Watu waliguna. Bi. Tumpale alipombana kwa maswali, mweka hazina alikiri yote. Bwana Watson, Gwamaka na wenzao walijikopesha fedha za chama, wakanunua mahindi ili wayauze Tunduma bei ikipanda. Bei ikaanguka, nao hawakurudisha. Ili deni lisionekane, wakaandika kwamba wamekopeshwa watu kama Bibi Roda.

"Huyu mtoto ametuharibia!" mtu mmoja alipaza sauti dirishani. "Sasa hela za benki tumezikosa!"

Hapo mama alipandisha sauti ambayo Edina hakuwahi kuisikia. "Amekuharibia nini? Fedha za benki zingeliwa kama hizi, na deni lingekuwa langu na lako! Mwanangu hakutoboa mfuko. Amekuonyesha tundu, nawe unamkasirikia yeye!"

Mtu yule akajiondoa dirishani.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Mkutano mkuu uliitishwa, Bwana Watson na bodi yake wakaondolewa, na kesi yao ikapelekwa wilayani. Pikipiki nyekundu iliuzwa, na mahindi yaliyobaki ghalani kwa Gwamaka yakauzwa pia. Bibi Roda alichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati ya mikopo, na sharti lake la kwanza likawa kwamba hakuna kiongozi atakayejikopesha bila mkutano kujua. Wanachama wakakubaliana pia kwamba kila mkutano utaanza kwa kuuliza: nani ameomba chake akakosa?

Mama alipata nusu ya akiba yake mwishoni mwa Januari, na nusu nyingine aliahidiwa baada ya mavuno. Baba alirudi kutoka Ivuna, akasikiliza kisa chote, akauza ndama mmoja kujazia bila kunung'unika. Edina akaenda shule wiki tatu baada ya wenzake, na sketi iliyokuwa ndefu kupita kiasi ili idumu miaka miwili.

Asubuhi ambayo Edina alikuwa anaondoka, Bi. Tumpale alipita kumuaga, kwa kuwa alikuwa akirudi Chitete baada ya kukagua hesabu mpya. "Umenirahisishia kazi," alimwambia. "Vyama vingi havifi kwa umaskini. Vinakufa kwa sababu wanachama wanaona ubovu na wanakaa kimya. Ukiwa na haki ya kuuliza, uliza."

Afisa alipoondoka, mama alimfungia Edina godoro kwa kamba, akaikaza mara mbili.

"Nilidhani nakulinda kwa kunyamaza," alisema. "Nilikosea, mwanangu. Nilikuwa namsaidia mtu aliyekula ada yako. Adabu ni kitu kizuri, lakini adabu si kumfichia mwizi. Ukiona mtu anaharibu kitu chenu wote, mwulize mbele ya watu, hata kama sauti inatetemeka."

Edina alifikiri kidogo. "Hata kama ni mkubwa?"

"Hata kama ni mkubwa."

"Hata kama ni mwalimu mkuu?"

Mama alimtazama mtoto wake aliyekuwa anaelekea shule ya bweni kwa mara ya kwanza, na ambaye kwa hakika angeuliza.

"Hata yeye," alisema. "Ila anza na shikamoo."