Ekuteri za Nizeyimana

Watu wa Nyakabanda, na ninyi wa mitaa ya jirani mnaopita hapa kununua uzi na mafuta ya taa, kaeni kidogo. Nimechoka, sitasema kwa kupamba. Nitawaeleza yaliyoipata nyumba ya jirani yangu, na mkishasikia, kila mtu aende akaangalie ya kwake.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, vita viko huko kaskazini na bariyeri za askari ziko kila njia ya kutoka Kigali. Lakini uani kwetu jioni kulikuwa na amani yake. Nyumba zetu zinatazamana, uwanja mmoja, bomba moja. Nizeyimana alikuwa na butiki ndogo ya kaseti na betri pale barabarani. Babu yake alikuja hapa na bidhaa kutoka pwani, ndiyo maana nyumbani kwake Kiswahili hakikukatika. Mke wake, Aidah, alikuwa akichambua maharage, mtoto wao Kaze akinyonya. Mimi, Mama Umulisa, nilikuwa napinda nguo za watu. Na redio kubwa ya Nizeyimana ilikuwa dirishani, inasema kwa ajili yetu sote.

Saa ya matangazo ikifika, tulinyamaza. Ninyi mnajua mambo yetu. Simu hatuna. Mtu akifa huko mashambani, akilazwa, harusi ikiahirishwa, ndugu zake wanapitisha tangazo, na redio inasoma majina. Ukisikia jina la mtu unayemjua, unaepua sufuria na kwenda kumwambia. Redio yangu mwenyewe ilikuwa juu ya kabati. Betri zake nilizianika juani mpaka nikachoka mimi, hazikupona.

Sasa mjue jambo moja kuhusu Aidah. Alizaliwa kwa Wakatoliki huko Gitarama, na jina alilopewa na baba yake ni Mukagasana. Alipoolewa aliingia Uislamu, akawa Aidah, sisi wote tukamwita hivyo au Mama Kaze. Kwao alibaki Mukagasana, na sisi majirani jina hilo tulilijua. Mama yake mzazi alikuwa amelazwa hospitali ya kule kwao, hali si nzuri. Aidah alikwenda kumuuguza, akarudi kwa sababu Kaze alishikwa na malaria. Kaka yake, Eustache, alimsindikiza mpaka barabarani akamwambia, "Dada, nenda umtibu mtoto. Hali ya mama ikibadilika nitapitisha tangazo. Ukilisikia tu, uje. Anataka kukuona."

Basi Aidah alikuwa anangoja hilo, hakuwa na lingine. Kila jioni alikaa karibu na dirisha, redio ikianza kusoma majina anaacha kutikisa mtoto. Majina yakiisha bila la kwake, anapumua, anasema "Alhamdulilahi," anarudi kwenye maharage yake.

Ndipo zikaja zile ekuteri.

Mfanyabiashara mmoja wa Bujumbura alipita butikini akamwachia Nizeyimana ekuteri za namna tatu, zile nyaya za kusikilizia masikioni, azijaribu kisha achague za kuagiza. Moja ilikuwa na utepe wa chuma wa kupita kichwani na sponji nyeusi mbili. Ya pili ilikuwa vidude vidogo vyeupe vya kuingia ndani ya sikio kabisa. Ya tatu ilikuwa nyeusi, ndogo vilevile, ina mpira laini. Na mimi simsingizii Nizeyimana: alikuwa mwuzaji mwaminifu. Hakutaka kumpa mtu takataka. Alisema lazima azisikilize zote, ajue ipi ina sauti, ipi haiumizi, na ipi inastahili bei yake.

Jambo zuri, sivyo? Hata mimi nilimsifu.

Lakini ukichomeka waya wa ekuteri kwenye redio ile, spika inanyamaza. Uwanja wetu ukawa kimya. Jioni ile Nizeyimana alikaa dirishani na sponji zake kichwani, macho amefumba, na sisi tukabaki tunamwangalia usoni tu.

"Baba Kaze," Aidah akamgusa bega. "Baba Kaze! Toa waya tusikie. Ni saa ya matangazo."

Akainua sponji moja. "Ndiyo hiyo ninayoitaka. Muziki unaficha ubovu. Ngoma ikipigwa, hata kitu kibovu kinaonekana kizuri. Mtu akisoma kwa sauti yake tu, hapo ndipo unajua chombo."

"Na mama yangu?"

"Si nasikiliza mimi? Nikisikia kitu nitakuambia. Masikio yangu si ni yako?" Akacheka, akarudisha sponji.

Aidah akanitazama. Nikamwambia, "Mwache, wanaume na vitu vipya. Atakuambia." Akakaa chini karibu na mguu wa mumewe, akamtazama usoni mpaka matangazo yakaisha.

"Iko kitu?" akauliza.

"Hakuna kitu."

"Alhamdulilahi."

Kesho yake jioni ikawa hivyo hivyo, ila sasa alikuwa na vile vyeupe. Katikati ya matangazo akavichomoa, akavaa zile za mpira, halafu akarudia vyeupe. Aidah alikuwa amesimama nyuma yake, ana mtoto mgongoni. Aliuliza tena, na mumewe akajibu tena kwamba hakuna kitu. Safari hii alijibu kwa haraka kidogo, kama mtu anayekatishwa hesabu. Yewe jamani, hata paka wangu anageuka nikimwita kwa sauti ile aliyokuwa nayo Aidah.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa bombani. Aidah anafua nepi, mimi nachota maji. Nizeyimana akatoka ndani, mswaki mdomoni, uso umechangamka.

"Mama Umulisa, nimemaliza kazi. Nimejua."

"Umejua nini?"

"Zile za sponji ni nzuri kichwani, hazibani, lakini ukikaa nazo sikio linatoka jasho, na sauti yake inatoka nje, jirani anasikia. Vyeupe vina sauti safi kupita zote, lakini haki ya Mungu vinaumiza! Hapa ndani ya sikio panawaka. Na waya wake pale kwenye shingo ya plagi ni mwembamba, utakatika upesi. Za mpira ndizo. Sauti yake iko chini ya vyeupe kidogo tu, unasahau hata kama umezivaa, na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Naagiza hizo."

"Na umejuaje sauti ipi ni safi? Kila siku wanasoma kitu kingine," nikamwuliza. Nilikuwa nampa maneno tu, ndoo yangu ijae.

"Hapo ndipo nilipopata bahati!" Akatoa mswaki mdomoni. "Kuna tangazo moja juzi walilisoma, na jana wakalisoma tena, mtangazaji yule yule, maneno yale yale. Nikalipima kwa zote tatu. Kwenye sponji ulikuwa husikii pumzi yake. Kwenye vyeupe unasikia hadi karatasi ikigeuzwa, unasikia anavyomeza mate kabla ya jina."

Aidah akaacha kufua. "Tangazo la nini?"

"La mgonjwa fulani. Ngoja, nalijua lote kwa moyo." Akajiweka sawa, akasafisha koo kama mtangazaji, akaanza: "Anatangaziwa Mukagasana, akaaye Nyakabanda, Kigali, kwamba mama yake..."

Akakatiza hapo hapo.

Alilisikia pale, watu wangu. Siku mbili lilimpita masikioni, akasikia pumzi na karatasi na mate, na maneno yenyewe aliyasikia kwa mara ya kwanza yakitoka kinywani mwake mwenyewe.

"Malizia," Aidah akasema.

"Mama Kaze..."

"Malizia, Nizeyimana." Hakuwahi kumwita kwa jina lake.

Akamalizia. "Kwamba mama yake amezidiwa. Anamwita. Aje haraka. Amelitoa kaka yake, Eustache."

Aidah alikamua nepi aliyokuwa ameishika, akaianika, akajifuta mikono, akaingia ndani kuchukua kitenge. Mimi niliona haya hata kuangalia.

Nizeyimana alikimbia barabarani na mswaki bado mkononi, akarudi na gari la rafiki yake anayepeleka mbao Gitarama. Nilipanda nao ili nimshike Kaze. Pale chini ya mlima wetu, Vestine muuza nyanya alituona akasimama. "Mama Kaze, ndiyo kwanza unakwenda? Sisi tulisikia juzi! Nikasema, sina haja ya kupanda mlima, wao wana redio kubwa nyumbani, lazima ameshaondoka." Aidah akamwambia, "Asante, dada."

Kwenye bariyeri tulikaa sana. Askari wakataka vitambulisho, wakashusha mbao wakazipandisha. Nizeyimana aliwaomba, akawaeleza, akatoa machozi mbele ya vijana wale. Mmoja akamwambia, "Mzee, kila mtu hapa ana mgonjwa." Aidah alikaa garini anatazama mbele.

Tulipofika nyumbani kwao jua lilikuwa limeanza kushuka, na mbele ya mlango watu walikuwa wamepanga mstari, wananawa mikono kwenye beseni. Mtu wa hapa akiona watu wananawa hivyo haulizi. Wametoka kuzika.

Eustache alikuja kutoka kwenye mstari, mikono inadondosha maji. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliouma zaidi.

"Mukagasana. Ulikuwa wapi?"

"Kigali."

"Nililipitisha siku mbili. Watu wamekuja kwa miguu kutoka mbali, wasio na redio, wameambiwa na wenzao njiani. Jana mchana kila mlango ukifunguliwa mama anageuza kichwa. Anauliza, 'Ni yeye?' Nikamwambia uko njiani. Mpaka jioni nilikuwa bado namwambia uko njiani. Redio yenu imekufa?"

"Nzima," Aidah akasema.

Nizeyimana akasogea. "Shemeji, mimi nilisikia. Lilisomwa vizuri kabisa. Nilisikia kila kitu."

Eustache alimtazama, hakuelewa, na ni nani angeelewa? Aidah akapita kati yao akaenda kwenye beseni. Akanawa mikono, yeye ambaye hakushika udongo wa mama yake, kisha akaomba aonyeshwe kaburi.

Mtasema alimwacha mumewe. Hakumwacha. Walirudi, wakaishi, Kaze akaanza kutembea. Na zile ekuteri za mpira ziliagizwa zikauzika, maana zilikuwa nzuri kweli. Vijana wakamsifu Nizeyimana kwamba hakuwadanganya. Yeye mwenyewe hakuweka tena waya sikioni. Saa ya matangazo anafungua redio mpaka mwisho, spika inapiga kelele dirishani, anakaa hapo peke yake.

Kwa sababu Aidah saa hiyo yuko kwangu. Jioni ya kwanza baada ya matanga alivuka uwanja na betri mpya mkononi, akashusha redio yangu juu ya kabati, akazitia mwenyewe. Nikamwambia, "Mwanangu, mbona ile ya mume wako inasikika hadi hapa?" Akajibu, "Hapa nasikia vizuri zaidi, Mama Umulisa." Akasogeza kigoda.

Mama yake hayupo tena, hakuna jina analolingoja. Lakini anasikiliza mpaka la mwisho. Akisikia mtu wa huku kwetu ameitwa, anajifunga kitenge, hata kama mvua inanyesha, anapanda na kushuka mlima kwenda kugonga. Wengine wanamwambia, "Tumeshasikia, Mama Kaze, asante." Anasema, "Vizuri," anarudi na miguu ina matope. Kesho yake anakwenda tena kwa mwingine.

FUNZO

Sisemi msinunue vitu vya kusikilizia. Nunueni, na mkitaka kujua ipi inaumiza na ipi haiumizi, Nizeyimana atawaambia kweli. Nasema hivi: ukijifungia sikio lako ndani ya nyumba yenye watu, umewafungia na wao. Ukimwambia mwenzio "nitasikia kwa niaba yako," umebeba mzigo wake, na huwezi kuuweka chini ukacheza kidogo halafu ukauokota. Mtu anaweza kuisikia sauti safi kabisa, na asimsikie anayeita.

Na wewe Vestine, na ninyi nyote mliosikia mkasema "wao wana redio", funzo hili ni lenu pia. Mlima ule haukuwa mrefu. Jina la jirani likisomwa, nenda ukamwambie, hata kama unadhani anajua. Kama alikuwa anajua tayari, umepoteza mwendo tu, unarudi kupika.

Nimemaliza. Nendeni, saa ya matangazo imekaribia, na Aidah ameshakaa.