Spika ya Kumsikiliza Mke Wangu

— Yule mteja kanirushia gauni usoni, mbele ya watu! Gauni nimelishona kwa vipimo vyake mwenyewe!

— Mwambie huyo hapo.

Mumewe hakuinua hata macho kwenye simu. Alinyoosha tu kidole juu ya kabati la vyombo, ilipokaa spika ya duara yenye taa ya buluu.

Aliinunua jana. Ni fundi wa friji, mtaani wanamwita Baridi, na kwake kila kilichoharibika kina spea yake. Mke analalamika kwamba anaongea na kuta? Kamletea spika inayojibu. Na alitegemea kushukuriwa, jamani!

Mshonaji wa watu akameza hasira, akaigeukia.

— Haya wewe. Mteja kanirushia gauni usoni.

— Pole sana. Ungependa nikutafutie maduka ya magauni yaliyo karibu nawe?

Baridi akacheka. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

— Nimedhalilishwa, unacheka?

— Si imekujibu?

— Nani kakwambia nataka jibu?

— Sasa unataka nini, mke wangu? Nikikushauri, unasema sikusikilizi. Nikinyamaza, mimi ukuta. Nimechoka!

— Na mimi nimechoka. Naenda kwa dada, na safari hii usinifuate. Baki na huyo wako, hali wala halalamiki.

Akaingia chumbani. Zipu ya begi ikasikika. Siku zote mkewe huenda kwa dada mikono mitupu, hajawahi kufungasha. Akaisogelea spika, akashusha sauti.

— Mke wangu anaondoka. Nifanye nini?

— Mawasiliano ni msingi wa ndoa. Unaweza kumpelekea maua, kumwandikia ujumbe mzuri, au...

— Maua ya nini? Mtu karushiwa gauni usoni! Anainama kwenye cherehani mpaka shingo inakakamaa, halafu anatokea mtu asiye na adabu anamrushia nguo, wewe unaniletea maua? Huna hata hasira?

— Samahani, sijaelewa.

— Utaelewa wapi! Mbele ya watu! Mke wangu mimi!

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mkewe amesimama na begi mkononi, machozi yanamlengalenga.

— Hayo, akasema. Hayo ndiyo nilikuwa nayataka, tangu nilipovua viatu pale mlangoni.

Baridi aliona aibu, na aliistahili. Akachomoa waya wa spika, akailaza simu kifudifudi mezani, akamvutia mkewe kiti.

— Nisamehe. Kaa, uniambie mimi. Kakurushia gauni, halafu?

Akakaa, lakini begi kalipakata.

— Halafu anadai nimembana kiuno. Nikamwambia, mama, vipimo ulichukua mwenyewe nyumbani, ukaniletea...

— Sasa hapo ungemwambia...

Mkewe akainuka na begi lake.

— Nimenyamaza! Nimenyamaza, mke wangu. Halafu?

Akamtazama weee, kisha akaliweka begi chini.

— Halafu, baba, ngoja nikwambie.