Ramani Inasema Uko Neema Tupu

"Uko wapi, Obeng?"

"Niko kazini, Suame. Kwani vipi, mke wangu?"

"Suame sehemu gani?"

"Afriyie, we! Suame ni Suame. Nimo ndani ya kontena langu, nachomelea waya za gari la mtu. Kuna tatizo?"

"Hakuna. Fanya kazi."

Afriyie akakata simu. Mguu wake ulikuwa bado juu ya pedali ya cherehani, lakini gauni la bibi harusi wa watu lilikuwa limeshasahaulika. Macho yote yalikuwa kwenye skrini. Kwenye ramani, kile kijipicha cha mumewe, kile anachocheka mpaka magego yanaonekana, kilikuwa kimetulia juu ya paa la Gesti ya Neema Tupu, Tafo. Si Suame, wala si karibu na Suame. Neema Tupu, gesti ambayo Kumasi nzima inajua watu huenda kufanya nini mchana.

Na haikuwa mara ya kwanza wiki ile.

Jambo lenyewe lilianza kwa mapenzi. Mwaka uliopita Obeng alikwenda kuvuta lori lililoharibika njia ya Kintampo, gari lake mwenyewe likafia msituni, simu ikakosa mtandao. Afriyie alikaa mlangoni mpaka kukakucha. Mumewe aliporudi, matope mpaka kwenye nyusi, Afriyie alimpiga ngumi za kifuani, kisha akamkumbatia akilia. Siku hiyo hiyo Obeng akachukua simu ya mkewe, akabonyeza hapa na pale, akasema:

"Kuanzia leo hutauliza tena niko wapi. Utaniona."

Na kweli akawa anamwona. Kijipicha kikivuka mzunguko wa Suame, yeye anabandika supu jikoni. Obeng akiingia anakuta mvuke. Majirani wakawa wanawatania, "Nyie mnapendana kwa setilaiti!"

Ila baada ya Pasaka kijipicha kikaanza tabia mpya. Asubuhi kiko Suame vizuri, mchana kinarukia Tafo, kinakaa Neema Tupu saa nzima au mbili, halafu kinarudi Suame kama hakijafanya kitu.

Afriyie akapiga picha ya skrini, akamtumia dada yake mkubwa, Dufie.

*Da Dufie, angalia hii. Ananiambia yuko kazini.*

Jibu likaja kabla hajaweka simu chini.

*Mdogo wangu!!! Nilikwambia mimi. Ya kwangu mimi niliyalilia miaka sita, hukuniona? Funga kibanda, nakuja.*

Dufie hakuwa mtu mbaya. Mumewe alimkimbia na mhudumu wa benki, na tangu hapo kila mwanamume aliyechelewa kurudi alikuwa, kwake yeye, yuko na mhudumu wa benki. Walikwenda Tafo pamoja. Kijipicha kilikuwa bado juu ya paa. Pale mapokezi palikuwa na msichana anayetafuna ubani taratibu.

"Tunamtafuta mtu anaitwa Obeng," Dufie akasema.

"Dada, hapa wageni hawana majina."

"Ni mume wa mdogo wangu huyu! Yuko humu ndani sasa hivi!"

"Ndiyo maana nasema hawana majina."

Mlinzi akaja, akawasindikiza mpaka getini kwa heshima zote. Afriyie alisimama barabarani akitazama madirisha yenye mapazia mekundu, moja baada ya jingine, akijiuliza ni lipi.

Jioni Obeng aliingia akinuka grisi na risasi ya kuchomelea. Jiko lilikuwa baridi.

"Leo hatuli?"

"Si umeshakula Neema Tupu?"

"Neema Tupu ndiyo nini?"

"Usinichezee, Obeng! Gesti! Tafo! Nimefika mpaka mlangoni!"

Akamsukumia simu usoni. Obeng akaiangalia, akaigeuza, akairudisha.

"Sijawahi kukanyaga hapo. Nilikuwa kwenye kontena."

"Ramani inasema uko Neema Tupu."

"Ramani inasema. Na mimi je, sisemi?"

"Simu haina sababu ya kunidanganya."

"Na mimi nina sababu gani?" Sauti yake ilishuka badala ya kupanda, na hilo lilimuumiza Afriyie zaidi. "Njoo kesho, ukae na mimi kutwa nzima. Leta na dada yako. Leta na mchungaji!"

"Nikija si utatulia siku hiyo? Unaniona mtoto?"

Obeng akanawa mikono kwa muda mrefu, akaenda kulala bila kula.

Pengine yangeishia hapo, wakanuniana wiki, wakapatana. Lakini Dufie, kwa hasira za upendo wake, aliitupa ile picha kwenye grupu la ukoo. Juu yake akaandika: *Huyu ndiye mkwe wetu mliyekuwa mnamsifia. Mchana kweupe.* Ndugu walioko Hamburg wakaamka nayo. Binamu mmoja akaituma kwa shemeji yake, shemeji ana duka la vioo vya magari Suame. Kesho yake Obeng alipofika kazini, wenzake walimpokea kwa makofi.

"Meneja wa gesti amefika! Meneja, vyumba bado vipo?"

Mama yake akapiga simu kutoka Mampong, analia, anauliza amemkosea nini mtoto wa watu. Obeng akafunga kontena, akarudi nyumbani, akamkuta Afriyie anafunga nguo kwenye kanga.

"Umewaonyesha," akasema.

"Nilimwonyesha dada yangu tu."

"Mama yangu ameona, Afriyie. Mama yangu."

Afriyie akabeba mzigo, akaenda nyumbani kwa Mjomba Agyeman, kaka wa mama yake, msemaji wa ukoo wao. Mjomba akamsikiliza, akasema Jumapili atawaita wazee. Kama mambo ni hivyo, chupa za pombe walizoleta kuposa zitarudishwa kwa kina Obeng, na ndoa itakuwa imekwisha.

"Lakini kuna kitu unasahau," akasema. "Funguo za nyumba yake unazo. Kampe mwenyewe, mkononi. Mtu haachwi kwa grupu."

Ijumaa Afriyie akaenda Suame. Alipita katikati ya mainjini yaliyolala chini kama ng'ombe, nyundo zikigonga huku na huku, mafundi wakaanza kupeana viwiko. Obeng alikuwa nje, kichwa ndani ya boneti. Akainuka. Alikuwa amekonda.

"Nimeleta funguo."

"Weka hapo."

"Mjomba amesema nikupe mkononi."

Kabla hajanyoosha mkono, mvua ikashuka. Haikuanza na manyunyu, ilimwagika yote kwa pamoja, mafundi wakatawanyika. Obeng akamshika kiwiko bila kufikiri, akamwingiza ndani ya kontena, akavuta mlango. Mzee Alhaji Seidu, jirani anayeuza mainjini yaliyotumika, naye akajipenyeza humo na birika lake la chai kifuani.

"Salaam aleikum. Aa. Nimeingia pabaya," akasema alipomwona Afriyie.

"Kaa, Alhaji," Obeng akamwambia. "Mvua haina ubaguzi."

Wakakaa. Bati lilipiga kelele mpaka masikio yakauma. Afriyie, kwa ajili ya mikono tu kupata kazi, akatoa simu. Akafungua ramani, kama alivyozoea kuifungua mara mia kwa siku. Kikaonekana kijipicha cha Obeng. Neema Tupu, Tafo.

Damu ikampanda kichwani. "Unaona? Unaona sasa! Hata sasa hivi kinasema uko..."

Akaisogeza simu karibu na macho.

"Kinasema niko wapi?" Obeng akauliza.

Afriyie alikuwa ameona kidoti cha pili, kile cha buluu, cha mwenye simu. Kilikuwa kimeng'ang'ania ubavuni mwa kijipicha cha mumewe, juu ya paa lile lile.

"Afriyie, kinasema niko wapi?"

"Na mimi niko huko," akasema kwa sauti ndogo. "Obeng, na mimi niko gesti."

Akampa simu. Obeng akaangalia. Alhaji Seidu akanyoosha shingo, akavaa miwani.

"Hiyo si Neema Tupu?" akasema Alhaji. "Lile boksi langu la intaneti nililinunua huko huko. Wao walifunga jipya, la zamani wakaniuzia baada ya Pasaka. Si ndilo hili nyuma ya ukuta wako, linalokupa mtandao bure?"

Wote watatu wakageukia ukuta wa chuma kama wanaweza kuona upande wa pili.

"Alhaji," Obeng akasema polepole, "nenda ukalizime."

Mzee akatoka nje kwenye mvua, birika kichwani. Wakasubiri. Kijipicha kikasitasita, kikapepesuka, kisha vyote viwili vikaruka kutoka Tafo vikaja kutua Suame, penyewe kabisa. Alhaji akaliwasha tena. Baada ya muda, viwili vikarudi gesti.

Ndipo wakaelewa. Ndani ya chuma simu haisikii setilaiti, kwa hiyo inajiuliza iko wapi kwa kunusa maboksi ya intaneti yaliyo jirani. Boksi lile lilikuwa limehama na Alhaji, lakini huko kwenye kumbukumbu za ramani, hakuna aliyeambiwa kwamba limehama. Obeng akiwa nje anaonekana Suame. Akiingia kontena tu, anaonekana gesti.

Afriyie alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio hapo hapo, akakaa juu ya betri ya lori akiwa amefunika uso. Obeng hakumgusa. Alisimama akitazama waya zake.

"Nilikwambia," akasema. "Nilikwambia njoo ukae."

"Uliniambia."

"Mama yangu halali."

Afriyie akafuta uso kwa upindo wa kitenge, akasimama, akawasha kamera, akarekodi.

"Ndugu zangu, mimi ni Afriyie. Niko Suame, kazini kwa mume wangu, huyu hapa, na huyu ni Alhaji, jirani yake. Haya, tazameni ramani inaniweka wapi. Tafo, gesti. Hata mimi. Mume wangu hakunikosea. Mimi ndiye niliyemkosea, na nimemkosea mbele yenu, kwa hiyo nasema mbele yenu. Mama, kama hii itakufika Mampong, nitakuja mwenyewe kupiga magoti."

Akaituma kwenye grupu. Halafu akaweka funguo juu ya meza, kwa sababu hakujua kama ana haki ya kurudi nazo, akatoka nje huku mvua ikinyesha.

Dufie akapiga kabla hajafika barabarani.

"Afriyie... mimi nimefanya nini?"

"Tumefanya wote, Da Dufie."

"Nilidhani nakuokoa. Haki ya Mungu nilidhani nakuokoa, nisije nikakuona unalia kama mimi." Kisha kwenye grupu likatokea neno lake: *Obeng, shemeji yangu, nimekuchafua. Nisamehe.* Hamburg wakaweka mikono ya kuomba. Binamu aliyesambaza akajitoa kwenye grupu.

Obeng hakujibu chochote.

Jumapili wazee wakakaa ukumbini kwa Mjomba Agyeman kama ilivyopangwa, ila sasa chupa iliyokuwa mezani haikuwa ya kurudisha posa. Ilikuwa ya kumtuliza mkwe. Obeng akaja na mama yake. Afriyie alishatoka Mampong jana yake, na magoti alikuwa ameshayapiga, lakini mama mkwe alimpa mkono tena mbele ya watu.

Mjomba akasimama na kofia mkononi. "Mkwe wetu, kwa desturi mume ndiye hubeba chupa kuja kumwomba mke. Leo tumebeba sisi. Mtoto wetu amekosa, na sisi tumekosa kwa kusikiliza picha bila kukuita. Ipokee."

Obeng hakuipokea.

"Mjomba, naomba nimuulize swali moja kwanza."

"Uliza, baba."

Akamgeukia mkewe. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu aliyechoka tu.

"Ijumaa uliniamini kwa sababu simu ilikudanganya na wewe. Isingenyesha mvua, usingeingia kwenye kontena. Ungekuwa umeshaniacha leo. Sasa niambie. Bila ile mvua, ingefika siku ukaniamini mimi?"

Dufie akamfinya Afriyie pajani, akanong'ona, "Sema ndiyo. Sema ndiyo basi!"

"Sijui," Afriyie akasema. "Natamani kusema ndiyo, Obeng. Usiku na mchana najiuliza hilo hilo. Lakini sijui, na sitaki kukudanganya mbele ya mama yako."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mjomba akaitazama chupa yake. Obeng akanyoosha mkono, akaichukua chupa.

"Ungesema ndiyo," akasema, "ningeondoka peke yangu. Kachukue mzigo wako."

Dufie ndiye aliyelia kuliko wote, mpaka ikabidi mama yake Obeng ambembeleze.

Njiani kurudi, gari likafika mtaa wa Krofrom.

"Nyumbani kuna chakula?" Afriyie akauliza.

"Chakula kitoke wapi? Wiki nzima nakula madonge ya mahindi ya barabarani, kenkey tu."

"Simama hapo tununue mihogo na ndizi. Nitatengeneza fufu."

"Nitatwanga mimi," Obeng akasema. "Wewe geuza."

Jioni ile majirani wakasikia kinu uani. Obeng alikuwa amevua shati, anainua mchi juu ya kichwa na kuushusha kwa nguvu zake zote. Na kila mchi ulipopanda, mkono wa Afriyie uliingia kinuni, ukageuza bonge la fufu, ukatoka, mchi ukashuka. Walikuwa wanagombana kuhusu chumvi ya supu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anaangalia ndani ya kinu.