Isale Halivumilii Theluji

Theluji ya Januari ile ya 1997 ilimwagika bila huruma, na manispaa ya Minneapolis ikaburuta kila gari lililolala upande usiotakiwa wa barabara. Kufika asubuhi, yadi ya magari yaliyokamatwa ilifurika watu kama siku ya gulio, kila mmoja akilaani kwa lugha yake. Damas alikuwa kwenye foleni na koti lake jembamba, masikio hayasikii tena chochote ila maumivu, akajisemea kwa sauti:

"Jamani, nchi gani hii? Wanakuchukulia gari lako, halafu unapanga foleni kuliomba!"

"Si uliegesha vibaya? Pole yako."

Kiswahili! Akageuka. Nyuma yake alisimama dada mmoja ndani ya koti refu jekundu, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, suruali ya sare ya unesi imechomekwa kwenye mabuti ya theluji. Kilichoonekana vizuri ni macho tu, nayo yalikuwa yanamcheka.

"Na wewe umekuja kutalii?" Damas akauliza.

"Mimi yangu ilichukuliwa nikiwa kazini, naokoa watoto wa watu. Hiyo ni tofauti."

"Tofauti iko wapi, mwenzangu? Foleni ni moja."

Dada akaangua kicheko, na mvuke ukamtoka mdomoni. Ndivyo ilivyoanza.

Jina lake Kerubo. Mkisii wa Kenya, ila wazazi walimhamishia Rotterdam angali mdogo, na pasi yake ilikuwa ya Kiholanzi. Alikuja Minneapolis kwa mafunzo ya kuuguza watoto wachanga. Damas alikuwa Mchaga wa Kibosho, amesoma hapo hapo na sasa ni mhandisi huko Golden Valley. Mpweke, jamani, asikuambie mtu! Alikuwa anakula amesimama jikoni. Jioni nzima ingepita hajafungua kinywa, labda aseme "aisee" akiungua na sufuria. Sasa simu ikaanza kulia.

"Umekula, mtu wa Kibosho?"

"Nimekula, mpenzi. Wali."

"Wa jana?"

"Wa juzi."

"Woi! Usiguse hiyo kitu tena. Nakuja na mboga."

Siku moja Kerubo alimfuata kazini. Nje baridi inagandisha kope, lakini ukumbini mlikuwa na joto na mimea ndani ya vyungu. Damas akamshika mkono, akamwonyesha mmoja wenye majani marefu.

"Unajua hili? Isale! Kwetu Uchagani, aliyekukosea akikuletea jani hili, limefungwa fundo, huwezi kukataa kumsamehe. Hata kama kakuchomea nyumba."

"Ati huwezi kabisa?"

"Kabisa. Anayelikataa isale, hakuna lililobaki la kumwambia."

"Basi nikikukosea nitakuja hapa kuiba," akasema Kerubo, akamfinya shavu.

Mwezi wa pili akaja na habari. Amepata kazi hospitalini Dublin, anaanza Aprili.

"Twende wote," akasema.

"Viza nitapewa na nani?"

"Na mimi. Sikiza. Mimi ni raia wa Ulaya. Nikihama nikafanye kazi nchi nyingine ya Ulaya, mume wangu ana haki ya kuishi na mimi huko, hawawezi kumnyima. Cha ajabu, nikikupeleka Uholanzi kwenyewe, wananibana na sheria za nyumbani. Ireland ndiyo rahisi. Lakini lazima uwe mume. Mchumba hawamtambui."

"Kwa hiyo haki ni yako, mimi nakufuata."

"Unanifuata. Nikiacha kazi, nikihama, nawe huna lako pale. Niamini tu." Akamtazama usoni. "Nakuomba, Damas. Sijawahi kumwomba mtu hivi."

Damas alimkumbatia, akasema ndiyo. Naye alimaanisha, maana alimpenda yule dada hadi akawa anaogopa. Kilichomshinda ni mdomo.

Jumapili walialikwa kwa Zadock, Mkenya mwenye nyumba kubwa kule Coon Rapids. Wanaume sebuleni na nyama, wanawake jikoni na vicheko. Zadock habari alishazipata.

"Kwani ni ukweli, buda? Kampuni inakuombea grini kadi, wewe unaiacha ufuate sketi? Kumbe bibi harusi ni wewe!"

Sebule nzima ikacheka. Damas alihisi uso unawaka. Mtu mzima na akili zake, badala ya kucheka nao yaishe, akajibu:

"Nani amfuate mwanamke? Tunapeana joto tu, baridi ikiisha kila mtu ashike njia yake."

Kicheko kikakatika ghafla. Kerubo alikuwa mlangoni, ameshika sahani ya chapati aliyokuwa anamletea. Aliiweka mezani taratibu, akachukua koti lake jekundu, akatoka.

Damas alipiga simu. Ikapokea mashine ya kurekodi ujumbe. Akapiga tena, mashine, akakata. Ndipo akafanya la kwao: alikata jani la isale kule kazini, akalifunga fundo, na alfajiri akalibana chini ya waipa kwenye kioo cha gari la Kerubo. Akaondoka moyo umetulia. Isale limefika, sasa ni kungoja.

Akangoja. Simu haikulia. Siku zikafuatana, na kila jioni alikaa kando ya simu asithubutu hata kuoga, asije akaikosa. Isale limekataliwa! Hilo lilimuuma kuliko kuachwa kwenyewe. Alirudia kula amesimama, redio imewashwa ili nyumba isinyamaze mno. Hakupiga tena. Amwambie nini mtu aliyekataa isale?

Mwisho wa Machi, simu ikalia.

"Niko uwanja wa ndege," Kerubo akasema. "Nimeshindwa kwenda bila kusema kwaheri. Lakini wewe, Damas, aki ulishindwa hata kusema nisamehe?"

"Nilikuletea isale!"

"Isale gani?"

"Kwenye kioo cha gari lako! Chini ya waipa!"

Sauti yake ikaja ndogo sana. "Kulikuwa na kitu cheusi, kimegandia kwenye kioo. Nilidhani ni takataka za upepo. Nilikikwangua pamoja na barafu."

Damas akafumba macho. Mti wa kukaa ndani kwenye joto, yeye akauweka nje Minnesota.

"Basi nisamehe sasa," akasema. "Nisamehe, mama. Nilisema uongo, niliona aibu."

"Nimekusamehe. Si nalazimika?" Kerubo alikuwa analia. "Lakini kuoana isale halilazimishi. Ulinikana mbele za watu. Ukinitaka, nitake mbele za hao hao. Wananiita, naenda."

Jumapili iliyofuata Damas aliendesha hadi Coon Rapids. Zadock mwenyewe alimbonyezea namba ya Dublin, ambayo Kerubo alikuwa amewaachia wanawake wa jikoni, na kuweka simu kwenye spika katikati ya nyama na glasi. Wanaume wale wale. Damas alisimama.

"Kerubo, wako hapa wote. Nilichosema siku ile kilikuwa upumbavu. Nakupenda. Kadi wabaki nayo. Nitakufuata Dublin, nitaingia kwa jina lako, waniite mume wa Kerubo mpaka nife. Naomba unioe."

Hakuna aliyecheka.

"Chumba changu kina dirisha moja na mvua," Kerubo akasema kwenye spika. "Tangu nifike hakuna aliyeniita jina. Zadock, mpe huyo bibi harusi kiti. Nakuja mwezi wa sita kumchukua."

Vigelegele vikalipuka kutoka jikoni. Damas alikaa, akalia bila kujificha.

Aliporudi kwake, nyumba ilikuwa kimya vile vile, na mwezi wa sita ulikuwa mbali. Kitawi cha isale alichokuwa amekikata kule kazini na kukiotesha ndani ya glasi kilikuwa dirishani. Nje theluji ya Aprili ilikuwa imeanza tena, akakihamishia mezani, karibu na simu.