Rangi Chini ya Waya

Kila asubuhi kabla ya shule, Gulmina hufuta vumbi kwenye lori la baba yake, Bedford kuukuu lililochorwa tausi, samaki na milima kila mahali. Asubuhi hiyo hakulifuta. Mama alikuwa ameshaketi ndani, amempakata Samim wa miezi saba, aliyekuwa akivuta pumzi kwa shida. Kijijini hakukuwa na gari jingine. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima, na barabara ilipita kwenye handaki lenye giza, ambako mlinzi haruhusu lori lisilo na taa kupita.

Baba akawasha taa. Zikatoa wekundu hafifu, kama makaa yanayokufa.

Fundi Qadir akaitwa mbio. Betri nzima. Akabadilisha fyuzi, akabadilisha balbu. Wekundu ule ule.

"Mzee huyu ananicheka," alisema, akilipiga lori kofi. "Zarwali, hili ungelizika pamoja na babu yako."

"Utani baadaye, Fundi," Baba alijibu. "Mtoto anabadilika rangi."

Gulmina alisimama kando. Jana Baba alimruhusu kuchora maua kwenye bampa, akamkataza kugusa bolti za taa. Yeye akafungua moja, akapaka rangi mpaka chini ya waya uliofungwa nayo ili ua litimie, kisha akaifunga. Akikiri sasa, Baba hatamruhusu kushika brashi tena.

Saa nzima ikapita. Samim akaacha kulia, na kimya chake kikamtisha Gulmina kuliko kilio.

"Baba," alisema, "nilipaka rangi chini ya waya mweusi. Ule wa kwenye bampa."

Fundi akageuka taratibu. "Mtoto wewe! Umeme wa taa zote mbili unarudi kwenye chuma kupitia hapo. Umeufungia mlango."

Akafungua bolti, akakwangua rangi kwa kisu mpaka chuma kikang'aa, akakaza. Taa zikawaka, zikamulika ukuta mzima wa nyumba.

Hospitalini Samim aliwekewa hewa, na polepole rangi ya midomo yake ikarudi. Ndipo Baba akamwita Gulmina ukumbini.

"Rangi tumeikwangua kwa dakika mbili," alisema. "Lakini ulinyamaza saa nzima, na daktari anasema saa nyingine kama hiyo mdogo wako asingekuwa nayo. Ukikosea, sema hapo hapo, hata kama unaniogopa. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Haya, kaa na mama yako. Nikazime taa, nimeziacha zinawaka."