Mti wa Ingobyi Wapandishwa Tanga

Theodosia hakupita kitu bila kukiuliza. Mumewe, Nkunzimana, alizoea kumtania: "Wewe hata ugali utauuliza umetoka wapi."

Siku hiyo walikuwa wakivuka bwawa, wakitoka shambani na maharage. Mashua yao ndogo waliiunda wenyewe kwa mbao. Tanga lake lilikuwa turubai. Mara upepo ukavuma. Kaa! Foromali, ule mti wa juu unaoshika tanga, ikakatika. Wakapiga kasia mpaka nyumbani, wamelowa chapachapa.

Nkunzimana akatafuta misumari. "Nitaigongea ubao kama mara ile ilipopasuka."

"Ngoja, Baba Dionis. Mbona imekatikia palepale penye misumari?"

Nkunzimana akaendelea kutafuta misumari. Theodosia aliingiwa na hofu. Maharage mengi yalikuwa bado ng'ambo, yameshang'olewa, na mawingu yametanda; kwa kasia tu wasingewahi. Yakinyeshewa yangeota, na hicho ndicho chakula chao cha mwaka.

Akachukua vipande, akaenda kwa Ridhiwani, bwana samaki wa pale, mzaliwa wa Pangani, pwani kwenye mashua za tanga.

"Bwana Ridhiwani, mti huu umeuawa na nini?"

Ridhiwani akacheka. "Umeuawa na dawa yenu, Mama Dionis. Msumari hupasua nyuzi za mti. Tanga likivuta, ufa huanzia kwenye tundu. Wekeni mti mpya. Muufunge kwa kamba, msiutoboe."

"Tukate mkaratusi mnene?"

"Mbichi? Hapana. Ni mzito, utailaza mashua. Tena ukikauka hupinda. Tafuteni mti mkavu, mwepesi, ulionyooka, usio na vifundo. Ukiukunja kidogo, urudi wenyewe."

Theodosia akarudi akiwaza. Mti mkavu atautoa wapi, na mvua iko mlangoni? Alipoinama kuwasha moto jikoni, moshi ukampanda machoni, akatazama juu. Chini ya paa ulilala mti wa ingobyi, ile machela ya zamani ya kubebea wagonjwa. Akaushusha. Akaulaza juu ya matofali mawili, akaukalia katikati. Ukapinda, ukarudi.

"Huo hapana!" Nkunzimana akafoka. "Ulimbeba mama yangu mpaka hospitali ya Kabanga."

"Najua. Nilitembea nyuma yenu. Lakini kwa nini mliuchagua huo?"

"Ni mwepesi, na haukatiki. Mgonjwa habebwi kwa mti wa kubahatisha."

Alipokwisha kusema hayo, akaushika ule mti. Aliusikia mwenyewe ukweli wa maneno yake, na ulimuuma. Kisha akachukua panga, akaanza kulainisha ncha.

Wakaupaka mawese ili usinywe maji upesi. Wakaufunga kwa kamba, bila msumari hata mmoja. Wakavuka. Upepo ukavuma kwa nguvu ileile. Mti ukapinda, ukarudi, na Theodosia akapiga vigelegele peke yake katikati ya maji.

Gunia la mwisho liliingia ndani likiwa kavu. Mvua ikaanza.

Jirani yao Elisante, aliyekuja kujikinga, akauliza, "Mmeweka mti gani kwenye mashua?"

"Ulimbeba mama," Nkunzimana akajibu. "Sasa unawalisha wajukuu zake."