Nyaya Mbili za Mlango wa Nyuma

Nyaya mbili zilikuwa zinaning'inia ndani ya kisanduku cha king'ora chetu.

Hazikukatwa. Hazikuliwa na panya. Mtu alilegeza skrubu kwa bisibisi, taratibu, akazichomoa...

Na katika nyumba ile tulikuwa tunaishi watu watatu tu: mimi, mume wangu, na mdogo wake aliyewahi kufungwa miaka minne kwa kuvunja nyumba za watu.

Msomaji wangu, usinihukumu mapema. Nisikilize kwanza.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja. Mwaka huu nimeanza kusomea umeme, masomo ya jioni, nakaa dawati moja na vijana wanaoniita bibi. Kila nikikwama naomba. Mungu ananijua kwa jina, na kwa lile swali la sita la kila mtihani.

Asubuhi hiyo nilisahau kuzima king'ora, nikafungua mlango wa nyuma nitoe takataka.

Kimya...

Nikafungua kisanduku ukutani, ndipo nikaziona.

Hapo elimu yangu ndogo ikaniponza. Nyaya za mlango zikitoka zenyewe, king'ora hulia, maana hudhani mlango umefunguliwa. Aliyezitoa hizi alijua hilo. Alikuwa amefunga kipande kifupi cha waya kati ya zile skrubu mbili, kisanduku kidanganyike kwamba mlango umefungwa saa zote.

Nani mwingine angejua ujanja huo?

Tena kwa wiki nzima shemeji alikuwa amehamishia godoro lake jikoni, hatua mbili kutoka mlango huo. Tulipomuuliza alisema chumbani kwake kuna joto. Joto gani, na mvua inanyesha?

Niseme ukweli. Mimi ndiye niliyemwombea kwa mume wangu apokelewe alipotoka gerezani. Hakuwa na pa kwenda. Mume wangu alikubali kwa shingo upande, akasema kosa la kwanza ndilo litakuwa la mwisho.

Nikampigia simu kazini. Hakuuliza mara mbili.

"Nikirudi saa kumi na moja, nisimkute."

Nikapeleka ujumbe kama ulivyo. Shemeji alitazama kisanduku, akanitazama mimi, akainamisha kichwa na kwenda kukunja nguo zake. Hakujitetea hata kwa neno moja, nami nikaona amekiri.

Saa nane mchana nikapiga magoti. Nikamwambia Mungu amfichue aliyelegeza nyaya zile, asimwache ajifiche. Moyo haukutulia. Nikasali tena, ukazidi kwenda mbio kama cherehani.

Nikaona heri nirekebishe tu. Nikazima umeme, nikachomoa betri, nikachukua daftari la darasani nihakikishe waya upi unakaa wapi.

Nikafungua ukurasa.

Mwandiko wangu mwenyewe...

"Zoezi la nyumbani. Moja, unganisha skrubu mbili kwa kipande cha waya. Mbili, toa nyaya za mlango. Tatu, pima. Nne, rudisha nyaya, ondoa kipande."

Alama ya vema kwenye moja. Kwenye mbili. Kwenye tatu.

Kwenye nne hakuna kitu.

Jumamosi ya wiki iliyopita saa yangu ya maombi ilinikuta na bisibisi mkononi. Nilifunika kisanduku nikaenda kusali. Nilipoinuka nikaingia jikoni kupika, zoezi likafutika kichwani kama halijawahi kuwapo.

Kumbe Mungu alikuwa amejibu. Aliyelegeza nyaya alikuwa amefichuliwa, na daftari amelishika mwenyewe.

Nikamkuta shemeji anafunga zipu ya begi. Nikampa daftari. Alisoma hadi chini, akatabasamu kidogo.

"Nilijua kimekufa tangu wiki iliyopita, shemeji. Taa nyekundu ya kuonyesha kimewashwa inawaka, nikasahau nikafungua mlango, hakikulia."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Mtu kama mimi akisema king'ora hakifanyi kazi, swali la kwanza ni amejuaje."

Akaniambia hakuthubutu hata kugusa kisanduku, alama za vidole vyake zisije zikamsemea. Lakini pia hakuweza kutuacha tulale na mlango ule ukiwa haulindwi. Ndipo akabeba godoro.

Nililia, ndugu zangu. Siku zote zile king'ora chetu kilikuwa yeye.

Mume wangu alirudi saa kumi na moja kamili, uso ameukunja. Nilimngojea mlangoni, nikamweleza kosa langu kabla hajavua viatu. Akauliza mdogo wake yuko wapi. Nikasema yuko kwenye kisanduku anakaza skrubu ya mwisho, maana bisibisi nilimkabidhi yeye.

Akaenda kusimama nyuma yake. Kisha akamtajia namba ya siri ya king'ora, ambayo tulikuwa tumemficha miezi minane.

Wapendwa, tukimwomba Mungu atuonyeshe mwenye kosa, tumwachie nafasi ya kututaja sisi.